Hatua Kumi na Moja

Asubuhi, kabla sijawasha moto,
natembea kutoka mlangoni hadi ukingoni
nikihesabu kwa sauti, kama mtoto anayejifunza namba.
Mwaka nilioolewa zilikuwa hatua mia na sita.
Jana kumi na mbili.
Leo kumi na moja, na kisigino.

Semliki hauli kwa meno. Unalamba.
Unalamba chini, kwenye udongo laini, usiku,
huku juu nyasi zimesimama wima kana kwamba hakuna neno,
mpaka siku moja mbuzi anakanyaga
na ardhi inaitika,
sauti ndogo tu, kama mtu anayemeza dawa.

Kusemererwa, mume wangu, ameacha kupigilia misumari.
Mabati yetu tumeyafunga kwa waya,
nguzo hatuzimwagii saruji,
na mlango una bawaba za kuchomoa.
Tumehama mara tatu bila kuhama kijiji.
Mara ya kwanza tulilia.
Ya pili tuligombana nani kasahau mchi.
Ya tatu tulimaliza kabla ya chai.

Zamani mvua ilikuwa na adabu:
ilibisha hodi Machi, ikaaga Mei.
Siku hizi inakaa nje miezi, kisha inaingia na mlango.
Na huko juu Rwenzori, redio inasema, barafu inakwisha.
Sijawahi kuigusa barafu hiyo.
Nadhani nimeinywa.

Ng'ombe hawashuki tena mtoni;
kwato zao zilikuwa zinauandalia mto meza.
Sasa maji tunayapandisha kwa madumu hadi horini,
na Kabasinguzi, binti yangu, ameota mabega ya mvulana
na hapendi nikimwambia hivyo.
Tulipanda matete. Tulipanda mianzi.
Mianzi ya jirani Bagamba ilishika misimu miwili
kisha ikaondoka ikiwa imesimama, kichaka kizima,
ikaelea kuelekea Ziwa Albert
kama watu waliovaa vizuri wakienda arusini.

Bwana ardhi alikuja kutoka wilayani
na karatasi yenye pembe nne.
"Pembe ya kwanza iko wapi?"
Nikamwonyesha maji.
"Ya pili?"
Maji.
"Ya tatu?"
Nikanyoosha mkono ng'ambo,
pale yangeyange wanapotembea juu ya mchanga mpya.
"Ile ni Kongo, mama."
Najua ni Kongo.
Ni udongo wangu pia, naujua rangi yake,
nimeulima nikiwa na mimba mbili.
Ya nne hakuiuliza. Tulikuwa tumeikanyaga.

Huko ng'ambo analima mtu aitwaye Bahemuka.
Lugha yetu inakaribiana kama vidole;
mimi ananiita Abwooli, mimi namwita Atwooki,
na hakuna karatasi iliyotuuliza.
Mwezi wa saba alivuka na mtumbwi,
kiroba cha maharage begani.
"Shamba lako limezaa," akasema.
Nikacheka. Halafu sikucheka.
Nikapima nusu, nusu nikamrudishia iwe mbegu,
maana mto haulali ubavu mmoja,
na huenda kesho ukageuka
akawa yeye wa kuhesabu hatua.

Kaburi la mama mkwe tulilihamisha mapema,
lilipobaki na hatua ishirini.
Tulimwambia, tunasogea, mama, usishtuke.
Kusemererwa hakusema kitu siku mbili,
kisha akaomba koleo akachimbe choo kipya.

Kabasinguzi amechomeka kigingi kwenye hatua ya tisa,
amekifunga kitambaa chekundu cha sare yake ya zamani.
Mto ukifika hapo tunafungua waya,
usiku au mchana, mgeni awepo au asiwepo.
Kila mmoja anajua atakachobeba:
yeye madaftari, baba yake mlango,
mimi mafiga, hata kama bado ya moto.

Leo ni kumi na moja, na kisigino.
Muda wa kuchemsha maharage upo.